Picha Zilizolala Upande

Mtaa mzima ulimwita Sabuni, na jina lilimkaa, kwa sababu kazi yake ilikuwa kusafisha nyuso za watu. Alikaa nyuma ya studio ya picha iliyotazamana na geti la hospitali, katika chumba kisicho na dirisha, mbele ya kompyuta iliyounguruma kutwa nzima. Chunusi alitoa. Makovu alitoa. Jino lililovunjika alilijaza. Bibi harusi aliyepigwa picha akitiririka jasho alikaushwa, na mlevi akapewa macho meupe kama ya mtoto mchanga. Lakini waliompa kazi zaidi kuliko wote walikuwa wafu, na kwa jirani kama ile hospitali, nani angeshangaa.

Mtu akishakufa ndipo ndugu zake wanapogundua kuwa hawana picha yake. Wanayo moja tu kwenye simu, marehemu amesimama kwenye kundi, mkono wa shemeji uko begani kwake, nyuma yake kuna kamba ya nguo na ndoo. Sabuni alimtenga marehemu na kundi lake, akautupa mkono wa shemeji, akaitupa ndoo, akamwekea nyuma rangi ya buluu iliyotulia. Kisha akafungua ghala lake la miili. Alikuwa nayo mashati na makoti yasiyo na vichwa, ya wanene na ya wembamba, na magauni ya heshima kwa akina mama, yote mabega yamenyooka. Kilichobaki ni kupachika kichwa. Wako wanaume waliovaa tai mara moja tu tangu wazaliwe, na siku hiyo hawakuwa hai. Familia zilishukuru. Wengine walilia palepale kaunta wakisema, "Kapendeza," na hapakuwa na hata mmoja aliyeuliza ndoo imekwenda wapi.

Aliyemshinda Sabuni alikuwa mmoja tu, naye ni baba yake mzazi.

Mzee alikuwa seremala, tena si wale wa kupigilia misumari wakaondoka. Jicho lake liliogopwa. Angeweza kuingia kwa mtu kunywa maji tu, akatupa macho kwenye kabati, akasema mguu wa kushoto umepanda. Mwenye nyumba akileta pima maji anakuta kweli umepanda. Sasa mtu wa jicho hilo mpe simu apige picha, uone vituko. Kidole gumba kimeziba kona. Vichwa vimekatwa nusu. Na kubwa kuliko yote, nyumba zinaanguka: milango imelala, kuta zimelala, mti umelala utadhani kuna kimbunga.

"Baba, hawa walitoka salama kabla nyumba haijawaangukia?" Sabuni alikuwa akimuuliza, na mzee akichekea puani.

"Vijimashine hivi vidogo," alikuwa akijibu. "Mkono wangu umezoea vizito."

Kila alipomletea simu amchapie picha, Sabuni alifuta zaidi ya nusu bila kumuuliza.

Zilizolala vibaya kabisa zilikuwa za mdogo wake Sabuni wa kiume. Kijana huyu alizaliwa na shingo iliyoinama upande, sikio moja likilitafuta bega, na kwa hiyo siku zote alionekana kama mtu anayechungulia nyuma ya mlango. Mtaani waliona hivyo hivyo, wakamwita Chungulia. Mwenyewe hakujali, au alikuwa amejizoeza kutojali. Alifanya kazi ya kupakia magunia ghalani, na wenzake wakimtania aliwaambia kuwa Mungu kamsogezea kichwa kando ili gunia lipate pa kukaa.

Nyumbani ilikuwa habari nyingine. Mama yao aliweka sheria tangu mtoto yuko matitini: shingo haitajwi. "Ng'ombe haelemewi na nundu yake," alikuwa akisema, "basi na nyinyi msimwelemee nayo." Jina la Chungulia likasikika uani siku moja, na jirani aliyelitamka hakukanyaga tena pale. Mama alifariki, sheria ikabaki. Ndani ya nyumba ile mtu angeweza kuzungumzia maradhi, ulevi wa wajomba, hata dhambi za marehemu, lakini si shingo. Walikwisha kuzoea kutoisema hata wakawa hawaioni.

Kisha asubuhi moja Chungulia akapanda lori la mizigo kwenda kushusha magunia mji wa mbali, na hakurudi. Dereva alisema alimteremsha njia panda ili atafute usafiri wake mwenyewe. Simu haikupatikana. Sabuni na baba yake walikwenda polisi, wakaenda kwenye hospitali zote, wakianza na ile ya mbele ya studio, ambako karani aliangalia, akasema hakuna mtu wa namna hiyo. Na kwa wakati ule alisema kweli.

Hapo ndipo Sabuni akafanya kile alichokijua. Alitengeneza tangazo.

Alichagua picha moja kati ya zile za baba yake, mdogo wake akiwa mlangoni, uso wazi, anakaribia kucheka. Ukuta nyuma yake ulikuwa umelala vibaya mno, na kidole cha mzee kilikuwa kimekula kona ya juu. Mikono ya Sabuni ilikwenda yenyewe, kama miguu inavyokwenda nyumbani. Akaukata ukuta. Akakiondoa kidole. Mabega yakabaki yamekaa kishamba, moja juu moja chini, basi akaenda ghalani kwake akachukua shati jeupe lenye kola, mabega yake sawasawa, akampachika. Nyuma akaweka buluu. Chini akaandika jina lake la kwenye cheti, ambalo wapakiaji wenzake hawakuwahi kulisikia, na kimo, na rangi ya nguo alizoondoka nazo. Jina la mtaani hakuliandika, angeliandikaje? Na shingo vilevile hakuiandika. Haikumjia hata akilini kwamba kuna cha kuandika.

Alipomaliza akarudi nyuma kidogo na kiti, akamtazama. Alikuwa kijana mzuri kabisa.

Walibandika sokoni, kituo cha mabasi, ukutani polisi, na geti la hospitali walibandika matatu kwa mpigo. Simu zikaanza kupigwa. Mmoja alimwona akihubiri sokoni. Mwingine alimwona benki, amevaa shati hilohilo. Sabuni alikwenda kote, akakuta wanaume wanyoofu wasiomhusu, wakamtazama kwa huruma. Jioni alirudi na kumwambia baba yake kuwa bado, na mzee akatikisa kichwa, akaendelea na mbao zake. Alikuwa ameanza kutoka kila asubuhi bila kusema aendako, na Sabuni hakumuuliza. Mtu aliyepotelewa na mtoto mwache atembee.

Siku zikaenda. Asubuhi moja Sabuni aliona tangazo halitoshi, akaamua kutengeneza jingine kubwa zaidi, akaifungua tena ile picha ya asili kama baba alivyoipiga, na ukuta wake na kidole chake. Ilikuwa bado wazi mbele yake mhudumu wa wodi alipoingia kule nyuma. Mama huyu alikuwa ametoka kupigwa picha ya kitambulisho cha kazi, na kama wengi wa hospitali alitaka kusimamia usafi wa uso wake mwenyewe.

"Dada, hapa kidevuni unipunguzie kidogo," alisema. "Wanetu wananicheka." Kisha mkono ukabaki kidevuni. Alikuwa anaitazama kompyuta, na taratibu akainamisha kichwa upande kama mtu anayetaka kuusimamisha ule ukuta. "Huyu mmempata wapi?"

"Ni mdogo wangu."

"Ndiye yule wetu," mhudumu alisema. "Wa wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Wa shingo."

Sabuni alisikia lile neno kama mtu aliyemwagiwa maji. "Tangazo lake liko getini kwenu. Nimelibandika mwenyewe."

"Lile? Si napita pale kila siku. Yule ni mwingine, yule kanyooka." Mama wa watu alikuwa anaeleza tu, hakujua anamkata mtu. "Wetu aliletwa kutoka zahanati ya barabara kuu, kagongwa na gari, uso wote umevimba, bandeji mpaka hapa. Hasemi. Jina hatulijui. Sisi tulikuwa tunamwita wa shingo, maana hata mto ilibidi tumwekee huku upande. Sista mmoja alilibandua tangazo lenu akaja nalo mpaka kitandani, akamlinganisha. Tukaangalia wote. Tukasema siye."

Sabuni alikuwa amekwisha kusimama, anatafuta kiatu kimoja chini ya meza. "Wodi ya wanaume iko upande gani ukiingia?"

Mhudumu alianza kulikunja na kulikunjua pindo la kitenge chake.

"Dada yangu," akasema mwishowe, "alitutoka juzi."

Mochwari waliingia wawili, yeye na baba yake. Uvimbe ulikuwa umepungua, na hapakuwa na haja ya mtu kuulizwa mara mbili. Lakini watu wa pale walikuwa wamemfunga kitambaa kutoka kidevuni mpaka kwenye ubao ili kichwa kikae katikati, na akawa amelala kama askari. Mzee alimtazama kwa muda, kisha akaanza kufungua fundo.

"Mzee, hapa tunawanyoosha wote," mhudumu wa mochwari akamwambia kwa upole.

"Huyu hanyooshwi," mzee alisema, akalifungua, na kichwa kikarudi mahali pake.

Kesho yake shangazi alishika usukani wa msiba, kama mashangazi wanavyoshika. Yeye ndiye aliyesema pawe na picha kubwa ya kutanguliza mbele ya jeneza, na nani wa kuitengeneza kama si Sabuni. "Umtengeneze vizuri mdogo wako," alisema. "Umvalishe na koti." Sabuni akachukua simu ya baba yake, akavuka kwenda studio, akajifungia.

Hakuweza kumkata tena. Kila alipogusa kipanya aliuona mkono wa sista umeshika tangazo kando ya kitanda. Kwa hiyo alikaa tu akazitazama picha moja baada ya nyingine, zile ambazo siku zote alikuwa akizipekua haraka ili kuzifuta, na kwa mara ya kwanza hakuwa na nia ya kurekebisha kitu. Akaona mambo. Kiwiko cha mama yake, kiwiko peke yake, kinapepeta mchele mlangoni, mama mwenyewe amekatwa. Na kile kiwiko kilikuwa mama mtupu, hakuna wa kukichanganya na kingine. Kidole gumba cha baba kilichopenyeza mwanga wa jua, chekundu, kama mtu anayechungulia naye awemo. Yeye mwenyewe Sabuni, msichana wa shule, anakimbia kutoka kwenye fremu kwa hasira, limebaki vumbi na kiatu. Ilimuuma kuona jinsi zilivyokuwa nzuri. Alijiuliza ni ngapi kama hizo alizifuta kwa kujiona fundi.

Halafu akaona jambo jingine, na hilo lilimkalisha wima. Picha ya mama, nusu yake haipo, lakini ukuta umesimama. Picha ya Sabuni na kiatu, mlango umesimama. Kuku wa jirani, ovyo kabisa, lakini uzio umesimama sawasawa, ungeweka pima maji. Zilizolala zilikuwa za mdogo wake peke yake. Zote, na zote upande uleule.

Alichukua ile ya mlangoni, akaizungusha taratibu mpaka ukuta ukasimama. Ukuta uliponyooka, ndugu yake akainama. Sikio likashuka kwenye bega, na pale kwenye kioo cha kompyuta akawa Chungulia, kama alivyoingia na kutoka nyumbani kwao maisha yake yote. Sabuni akairudisha ilivyokuwa. Nyumba ikaanguka, na uso wa kijana ukasimama, unamtazama moja kwa moja, karibu kucheka. Alilia hapo kuliko alivyolia mochwari.

Ukweli wote wa ile picha ulikuwa ndani ya ukuta, na ukuta ndio alioutupa.

Sabuni alimkuta baba yake karakanani. Mzee alikuwa amekataa jeneza la dukani, na tangu asubuhi alikuwa anapiga randa mbao za mwanawe. Ubao wa upande mmoja, pale kichwani, alikuwa ameutoa nje kidogo.

"Baba, simu ulikuwa unailaza makusudi."

Randa haikusimama. "Makusudi gani?"

"Za mama zimenyooka. Zangu zimenyooka. Hata za kuku zimenyooka."

Mzee alipiga randa mara nyingine kadhaa kabla hajasema. "Walipopigwa picha darasani, mdogo wako alirudi nayo amejikata kwa mkasi akajitoa. Kabaki kitundu, wenzake wote wapo. Basi nikafikiri, mimi jicho langu linajua kulala. Nikiilaza simu kama alivyolala yeye, tunakutana. Nyumba acha ianguke, nyumba haina moyo."

"Na nilikuwa nakucheka."

"Mlicheka wote. Naye alicheka. Ndiyo ilikuwa raha yake, kunicheka mimi nisiyejua kupiga picha."

Sabuni alishika ukingo wa benchi la kazi. "Baba, mimi ndiye niliyefanya asijulikane. Niliukata ukuta. Nikamvalisha shati la watu. Sista alikuja na tangazo mpaka kitandani kwake, baba, wakamlinganisha, wakasema siye. Alikuwa ng'ambo ya barabara. Mimi niko studio, yeye yuko ng'ambo ya barabara."

Hapo randa ikasimama. Mzee alipuliza vumbi la mbao, akapitisha kiganja juu ya ubao, akakirudisha.

"Nililiona," akasema.

"Uliona nini?"

"Tangazo. Siku ile ile. Ulipoondoka nilirudi peke yangu nikasimama pale getini. Wewe unafikiri jicho hili lingeacha kuona? Niliona shingo si yake. Nikasema niende nikamwambie binti yangu alibadilishe."

"Mbona hukuniambia?"

Mzee alikuwa anautazama ubao. "Alikuwa amenyooka, mwanangu. Tangu azaliwe sijamwona vile. Na kola. Kumbe angekuwa hivyo. Nikasema, nitamwambia kesho. Kesho yake nikapita tena kumtazama. Nikawa napita kila asubuhi."

Kumbe ndiko alikokuwa akitembea.

"Fungua picha ya mwisho," mzee alisema.

Simu ilikuwa bado mkononi mwa Sabuni. Huko studio alianza na za zamani, na huku mwishoni hakufika. Ilikuwa picha ya tangazo lenyewe, limebandikwa getini. Hakuna kidole. Hakuna kilichokatwa. Pembe nne za karatasi zilikuwa sawasawa na pembe nne za simu, na kila herufi ilisomeka. Ilikuwa picha bora kabisa ambayo mzee aliwahi kupiga maishani mwake.

"Ifute," alisema. "Mimi kidole kinakataa."

Sabuni akaifuta. Ilipoondoka, simu kwa desturi yake ikaleta iliyo jirani nayo, nayo ilikuwa ile ya mlangoni: ukuta unaanguka, kona imezibwa na gumba, kijana amesimama. Mzee alijisogeza akaitazama juu ya bega lake.

"Shangazi yako atasema imelala," alisema.

"Atasema."

"Ichape hiyo. Na ukuta wake."

Hawakusameheana mchana ule. Kila mmoja alimsubiri mwenzake aanze, na hapakuwa na aliyejua pa kuanzia. Mzee akamwambia ashike ncha ya pili ya ubao usicheze. Sabuni akaweka simu chini, akaushika kwa mikono yote miwili, na baba yake akaanza tena kupiga randa.